Mbiu Isiyo na Jambo

Wazee wetu wametuachia neno kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mtu aliyeipima hekima hiyo kwa matone alikuwa Mrusi, Ivan Pavlov.

Alizaliwa mwaka 1849 katika mji wa Ryazan, mwana wa padri, akatiwa katika chuo cha dini ili ashike kazi ya baba yake. Vitabu vya sayansi vikamvuta, na mwaka 1870 akaingia Chuo Kikuu cha St. Petersburg. Mwaka 1904 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, Mrusi wa kwanza kuipata, kwa uchunguzi wake wa namna mwili unavyosaga chakula.

Katika maabara yake mbwa walidondokwa na mate kabla ya chakula kufika, kwa kumwona tu mtumishi aliyezoea kuwalisha. Wengine wangaliona jambo hilo kuwa udhia. Pavlov alilifanya kazi ya maisha yake yote yaliyosalia. Aliliza chombo kigongacho mfululizo kama saa, kisha chakula kikafuata. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, mlio peke yake ulitosha kumtoa mbwa mate.

Kisha akageuza mambo. Mlio ukasikika, chakula kisije. Mate yakatoka, yakapungua, na mlio ulipoendelea kuwa mtupu, yakakauka. Mbwa hakuwa amesahau, kwani baada ya mapumziko mate yalirudi kidogo. Alikuwa amejifunza jambo jipya: kwamba mlio ule hauna kitu nyuma yake.

Mwaka 1924 mafuriko ya mto Neva yaliingia katika mabanda, na mbwa wakaokolewa kwa kuogeleshwa. Baadhi yao walipoteza waliyofunzwa. Pavlov akatambua kwamba hofu nayo hubomoa mafunzo.

Serikali ya Kisovieti ilimheshimu. Mwaka 1921 Lenin alitia saini amri ya kumpatia nyenzo. Yeye hakuacha kuikosoa waziwazi, na katika uzee wake aliwaandikia wakubwa barua za kupinga kukamatwa kwa watu. Alifariki Leningrad tarehe 27 Februari 1936, akiwa na umri wa miaka 86.

Hatusemi kwamba binadamu ni mbwa. Binadamu ana akili na imani, na huuliza sababu. Lakini kiongozi anapowakusanya wananchi na kuwaahidi maji, maji yasije. Akawakusanya tena, yasije. Siku ya tatu akaukuta uwanja mtupu, asiwaite wavivu. Watu hao wamefunzwa, na aliyewafunza ni yeye. Wala asidhani kuwa vitisho vitawarejesha, kwani hofu hubomoa.

Tiba yake ilionekana maabarani: chakula kilipofuata mlio tena, mate yalirudi, tena upesi kuliko mwanzo. Nasi tutimize kwanza, kisha tupige mbiu.