Paul Robeson, Mwigizaji Aliyeikana Filamu Yake

Paul Robeson, mwimbaji, mwigizaji na mwanaharakati wa Marekani aliyefariki dunia tarehe 23 Januari, 1976 akiwa na umri wa miaka 77, hukumbukwa na wengi kwa sauti nzito iliyojaza kumbi za muziki za Ulaya na Amerika. Lisilosimuliwa mara nyingi ni pambano lake la muda mrefu na filamu, redio na magazeti, vyombo ambavyo kwa miongo kadhaa vilimwonesha mtu mweusi kama mtumishi wa kuchekesha, mhalifu au mshenzi wa porini. Robeson aliingia katika vyombo hivyo akiamini kwamba kipaji kingetosha kuibadili picha hiyo. Alitoka akiwa amejifunza kwamba picha huamuliwa na yule anayeshika mkasi wa kuikata filamu.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, akiwa kitinda mimba wa familia. Baba yake, Mchungaji William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina na kutoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 15. Mama yake, Maria Louisa Bustill, aliyekuwa mwalimu, alifariki mwaka 1904 baada ya nguo yake kushika moto wa jiko, Paul akiwa hajatimiza miaka sita. Malezi yakabaki mikononi mwa baba, ambaye aliwakazia wanawe masomo na ufasaha wa kuzungumza mbele za watu.

Mwaka 1915 Robeson alipata ufadhili wa kusoma Chuo cha Rutgers, akiwa mwanafunzi mweusi wa tatu katika historia ya chuo hicho. Alipojitokeza kuomba nafasi katika timu ya mpira wa Kimarekani, wale waliopaswa kuwa wenzake walimvunja pua na kumwumiza bega siku ya kwanza ya majaribio. Alipopona alirudi uwanjani, na mmoja wao akamkanyaga mkono kwa kiatu chenye meno hadi kucha zikang'oka. Hakuondoka. Mwaka 1917 na 1918 alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, na mwaka 1919 alihitimu akiwa mwanafunzi aliyechaguliwa kuhutubia kwa niaba ya wahitimu wenzake.

Mwaka huohuo wa 1915 alioingia chuoni, Wamarekani walikuwa wakimiminika katika majumba ya sinema kutazama filamu ya The Birth of a Nation ya mwongozaji D. W. Griffith. Filamu hiyo iliwaonesha watu weusi waliotoka utumwani kama tishio kwa wanawake wa kizungu, na kulitukuza kundi la Ku Klux Klan kama mkombozi. Baadhi ya wahusika weusi waliigizwa na wazungu waliojipaka masizi usoni. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliendesha kampeni ya kutaka filamu ipigwe marufuku, lakini ilioneshwa hata katika Ikulu ya Marekani, na Ku Klux Klan ikafufuliwa kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1928 redio nayo ilipata kipindi chake mashuhuri, Amos 'n' Andy, ambamo wazungu wawili waliiga sauti za watu weusi na kuwachekesha mamilioni ya wasikilizaji. Katika mazingira hayo, mwigizaji mweusi aliyetaka kazi alikuta nafasi yake imekwisha kuandikwa na mtu mwingine.

Robeson hakukusudia kuwa mwigizaji. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia na kuhitimu mwaka 1923, lakini katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa mjini New York, katibu muhtasi wa kizungu alikataa kuandika maneno anayosomewa na mtu mweusi. Akaiacha kazi. Mke wake, Eslanda Goode, waliyefunga ndoa mwaka 1921, ndiye aliyemhimiza kupanda jukwaani na baadaye kusimamia shughuli zake.

Mwaka 1924 aliigiza katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill, mojawapo ikihusu ndoa ya mwanamume mweusi na mwanamke mzungu. Magazeti yalichochea hasira hata kabla ya onesho la kwanza, kwa sababu tu mwigizaji wa kizungu angebusu mkono wa Robeson. Mwezi Aprili, 1925, akifuatana na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya tamasha lililojaa nyimbo za kiroho na za kazi zilizorithiwa kutoka kwa watumwa. Nyimbo hizo zilikuwa zimezoeleka kuigwa kwa mzaha katika maonesho ya waliojipaka masizi. Robeson aliziimba kwa utulivu na heshima, kama zinavyoimbwa kazi za watunzi wakubwa wa Ulaya, na baba yake angezitambua.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alihamia London, ambako mwaka 1930 aliigiza nafasi ya Othello. Huko ndiko alikoanza kuitazama Afrika kwa karibu. Alikutana na wanafunzi na mabaharia kutoka makoloni, na mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo kilichofundisha lugha za Mashariki na Afrika, akajifunza fonetiki na Kiswahili. Katika makala zake za miaka hiyo alisisitiza kuwa Mwamerika mweusi ana urithi wa kujivunia ng'ambo ya bahari, na kwamba aibu aliyofundishwa kuihusu Afrika ni uongo.

Ni katika hali hiyo ya shauku alipokubali kuigiza katika Sanders of the River, filamu iliyotayarishwa na Alexander Korda na kuongozwa na ndugu yake, Zoltan. Zoltan Korda alikuwa amekaa miezi kadhaa Afrika akirekodi ngoma na sherehe. Robeson alipotazama picha hizo na kusikiliza sauti zake, aliamini kwamba kwa mara ya kwanza watazamaji wa Ulaya wangeona utamaduni wa Kiafrika wenye hadhi. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa studioni Uingereza, na Waafrika waliokuwa wakiishi huko waliajiriwa kuigiza wanakijiji na machifu. Miongoni mwao alikuwemo Mkenya aliyekuwa London kutetea haki ya Wakikuyu juu ya ardhi yao, akiishi kwa kipato kidogo. Wakati huo aliitwa Johnstone Kenyatta. Kiongozi huyo, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kwa jina la Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, alivaa mavazi ya kuigizia kama wengine ili apate ujira.

Filamu ilipotoka mwaka 1935, Robeson alikuta kitu tofauti na alichodhani amekitengeneza. Ilianza kwa maandishi ya kuwasifu watumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza. Ngoma zilizomvutia zilikuwa zimegeuzwa mapambo nyuma ya hadithi ya mkuu wa wilaya mzungu ambaye bila yeye makabila yangeangamizana. Bosambo, mhusika aliyeigizwa na Robeson, alikuwa mhalifu wa zamani aliyepata uchifu kwa hisani ya mkuu huyo na kumtii kama mtoto. Kwa maelezo ya Robeson mwenyewe, mwelekeo huo uliingizwa siku za mwisho za upigaji picha. Maelezo hayo hayamwondolei lawama yote, kwa kuwa hadithi ilitokana na vitabu vya Edgar Wallace ambavyo msimamo wake ulijulikana. Marcus Garvey, aliyekuwa akiishi London, alimshambulia katika jarida lake la The Black Man kwa kuikodisha sura yake kwa wanaowadharau watu wake.

Robeson aliikana filamu hiyo hadharani, ingawa ilipata watazamaji wengi. Katika mkataba wa Song of Freedom ya mwaka 1936 alidai haki ya kuidhinisha toleo la mwisho, jambo ambalo lilikuwa nadra kwa mwigizaji yeyote, mweusi au mzungu. Filamu aliyoipenda zaidi ilikuwa The Proud Valley ya mwaka 1940, ambamo baharia mweusi anapokelewa na wachimba makaa ya mawe wa Wales kama mwenzao. Lakini aliporudi Marekani na kukubali sehemu ndogo katika Tales of Manhattan ya mwaka 1942, alijikuta tena akiigiza mkulima maskini mcha Mungu asiye na akili ya kidunia. Aliwaita waandishi wa habari, akailaumu filamu yake mwenyewe na kusema yuko tayari kuungana na watakaoandamana kuipinga. Hollywood haikumwona tena. Alikuwa na umri wa miaka 44, na kiwango cha fedha alizoziacha hakikuwa kidogo.

Jukwaa lilimpa kile ambacho sinema ilimnyima. Mwezi Oktoba, 1943 aliigiza Othello mjini New York, mwanamume mweusi akiwa mume wa mwanamke mzungu mbele ya watazamaji wa Kimarekani, na onesho likafikia mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyowahi kuifikia Broadway. Mwaka huohuo alikwenda mbele ya wamiliki wa timu za besiboli kuwataka wafungue milango kwa wachezaji weusi. Mwaka 1946 aliongoza ujumbe kwa Rais Harry Truman kudai sheria dhidi ya mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na magenge. Akiwa mwenyekiti wa Baraza la Masuala ya Afrika, chombo kilichowaeleza Wamarekani habari za makoloni kinyume na zilivyoelezwa na sinema, alichangisha chakula kwa wenye njaa Afrika Kusini. Serikali ya kikoloni ilipomfunga Kenyatta, baraza hilo lilisimama upande wa wananchi wa Kenya.

Mwezi Aprili, 1949 alizungumza katika mkutano wa amani mjini Paris. Shirika la habari la Associated Press lilisambaza maneno ambayo hayakulingana na aliyoyatamka, yakiifananisha sera ya Marekani na ya Hitler na kudokeza kwamba watu weusi wasingepigana dhidi ya Urusi. Kabla hajafika nyumbani alikuwa amekwisha kuhukumiwa kwenye kurasa za mbele. Mcheza besiboli Jackie Robinson, aliyefaidika na mlango ambao Robeson alisaidia kuusukuma, aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi kumpinga. Tarehe 27 Agosti tamasha lake karibu na Peekskill, jimbo la New York, lilivunjwa na umati wenye fujo. Lilifanyika tarehe 4 Septemba mbele ya watu wapatao 20,000, ambao wengi wao walipopanda magari kurudi makwao walirushiwa mawe huku baadhi ya polisi wakitazama. Zaidi ya watu 140 walijeruhiwa.

Kilichofuata kilikuwa adhabu ya kufutwa. Kumbi zilifungwa, televisheni ya NBC ilifuta kipindi alichopangiwa kushiriki mwaka 1950, na jina lake likaondolewa hata katika orodha za wachezaji bora wa 1917 na 1918. Wizara ya Mambo ya Nje ilimnyang'anya pasipoti, na mapato yake yaliyozidi dola 100,000 kwa mwaka yakashuka hadi elfu chache. Kesi ilipofika mahakama ya rufaa, wanasheria wa serikali walitaja miongoni mwa hoja zao kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Ni sababu ambayo mwananchi wa Afrika Mashariki ana haki ya kuisoma mara mbili.

Alitafuta njia. Mwaka 1952 aliimba akiwa juu ya lori kwenye mpaka wa Kanada, wasikilizaji wakiwa pande zote mbili. Mwaka 1957 aliwaimbia watu wa London na wachimba makaa wa Wales kwa simu iliyopita chini ya Bahari ya Atlantiki. Mwezi Juni, 1956 alihojiwa na kamati ya Baraza la Wawakilishi, akakataa kueleza imani yake ya kisiasa na kuwakumbusha wajumbe kwamba baba yake alikuwa mtumwa. Pasipoti aliirudishiwa mwaka 1958, baada ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo kuamua katika kesi ya watu wengine kwamba wizara haikuwa na mamlaka ya kuwanyima raia hati hiyo kwa sababu ya itikadi zao.

Haki hiyo haifuti doa moja. Robeson aliipenda Urusi ya Kisovieti kwa kuwa huko, alikofika mara ya kwanza mwaka 1934, hakudharauliwa kwa rangi yake. Mwaka 1949 alionana mjini Moscow na rafiki yake, mshairi wa Kiyahudi Itzik Feffer, aliyekuwa mfungwa, na kwenye tamasha aliimba kwa lugha ya Kiyidi kumuenzi. Lakini nyumbani alikana kuwepo kwa mateso hayo. Feffer aliuawa mwaka 1952. Aliyejua vyema jinsi picha ya uongo inavyoumiza alinyamaza mbele ya picha nyingine, na ukimya huo uliwapa wapinzani wake silaha.

Afya yake iliporomoka kuanzia mwaka 1961. Alirudi Marekani mwishoni mwa 1963, akampoteza Eslanda mwaka 1965, na kuishi miaka ya mwisho kwa dada yake Marian mjini Philadelphia, mbali na waandishi wa habari. Mazishi yake yalifanyika Harlem, katika kanisa ambalo kaka yake Benjamin aliwahi kulichunga. Mwaka 1995, miaka 19 baada ya kifo chake, jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa vyuo.