Semboja wa Mazinde na mwaka ulioangusha nyumba yake

MWAKA 1895 ulihitimisha enzi ya Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa.

Kimweri alipofariki dunia mwaka 1862, kiti cha Vugha alirithi mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja alikaa Mazinde, Korogwe, bondeni palipopita misafara ya pembe za ndovu, akajilimbikizia bunduki. Hatimaye alimng'oa Shekulwavu, mtoto wa kaka yake, na kumtawaza mwanawe, Kimweri Maguvu.

Mwaka 1895 Semboja aliaga dunia. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe mwingine, Mputa, aliyekuwa akitawala, kwa kosa la mauaji. Wakamtawaza Kinyashi, mwana wa Shekulwavu.

Ufalme uliotwaliwa kwa bunduki ukawarejea wenyewe, lakini chini ya bunduki za wageni.