Jenny Lind na Msaada wa Masomo Aliouacha

Mtu mashuhuri akifa, walio hai hutafuta namna ya kumkumbuka. Wengine humjengea sanamu, wengine huita barabara au jengo kwa jina lake, na wengine humwandikia maneno mazuri juu ya jiwe la kaburi. Mwaka 1848 mwanamke mmoja mwimbaji alimkumbuka rafiki yake kwa njia nyingine. Aliimba jioni moja mjini London, na fedha zilizopatikana zikawekwa ili zisomeshe vijana wenye kipawa cha muziki. Huenda wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake, lakini matunda ya jioni ile tumeyaimba kwa vinywa vyetu wenyewe kanisani, kama nitakavyoonyesha. Mwanamke huyo ni Jenny Lind.

Alizaliwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, tarehe 6 Oktoba 1820. Wazazi wake hawakuwa wamefunga ndoa wakati ule, na mama yake, aliyekuwa na shule ndogo ya wasichana nyumbani, alikuwa mtu mkali mwenye shida nyingi. Kwa hiyo mtoto alipelekwa mashambani akalelewa miaka yake ya kwanza katika nyumba ya karani wa kanisa, ambaye pia ndiye aliyepiga kinanda siku ya ibada. Baadaye alikaa mjini karibu na bibi yake, katika nyumba waliyotunzwa wajane.

Huko alizoea kukaa dirishani na paka wake na kumwimbia. Watu waliopita njiani walisimama kusikiliza. Siku moja alipita mtumishi wa mwanamke mmoja aliyekuwa mchezaji ngoma mkuu katika jumba la opera la mfalme. Mtumishi alimweleza bibi yake habari za sauti ile, na mtoto akaitwa aje aimbe. Jenny alikuwa na miaka tisa tu, mwembamba, mwenye haya, wala si mzuri wa sura. Mkubwa wa jumba la michezo alipomwona alitaka kumkataa mara moja, lakini alipomsikia akiimba alibadili nia. Mama na bibi walisitasita, maana waliogopa maisha ya jukwaani, lakini mwisho walikubali. Tangu siku ile Jenny alisomeshwa, akalishwa na kuvikwa kwa gharama ya serikali. Naomba msomaji alishike neno hilo. Huyu ambaye baadaye aliwasomesha wengine, kwanza yeye mwenyewe alisomeshwa kwa fedha zisizo za wazazi wake.

Labda ni vizuri nieleze opera ni nini. Ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, nao hufuatana na vinanda, fidla, filimbi na tarumbeta nyingi. Wimbo wa mtu mmoja ndani yake huitwa aria, na hapo ndipo mwimbaji hupimwa uwezo wake. Jenny Lind alisimama kwa mara ya kwanza kama mwimbaji mkuu wa opera tarehe 7 Machi 1838, akiwa na miaka 17. Watu wa Stockholm walimpenda mno. Miaka miwili baadaye alipewa cheo cha mwimbaji wa mfalme.

Lakini kusifiwa kulimletea hasara. Aliimba usiku baada ya usiku, tena bila kufundishwa namna ya kuitunza sauti, na alipofika miaka 20 sauti ilianza kukwaruza na kumkatikia. Mtu mwingine angejificha nyuma ya sifa. Yeye alizunguka miji ya Uswidi akiimba ili apate nauli na ada, kisha mwaka 1841 akaenda Paris kwa mwalimu mashuhuri aliyeitwa Manuel Garcia.

Garcia alimsikiliza, akaona kwamba sauti imechoka mno. Hakumfundisha wimbo hata mmoja. Alimwamuru anyamaze majuma kadhaa, asiimbe kabisa, na hata kuzungumza azungumze kidogo tu, kisha ndipo arudi. Sisi tuliofundisha tunajua jinsi amri ya namna hiyo ilivyo ngumu kuitoa. Mwanafunzi amesafiri kutoka mbali, fedha zake ni chache, nawe unamwambia akae kimya. Tena ni ngumu zaidi kuitii. Jenny aliitii. Aliporudi, mwalimu alianza naye kama mtoto wa darasa la kwanza: namna ya kuvuta pumzi, namna ya kuianza sauti, namna ya kupanda na kushuka ngazi ya sauti polepole. Alikaa naye kwa muda wa miezi mingi. Aliporudi Stockholm mwaka 1842 wenyeji hawakuamini kwamba ni mtu yule yule.

Baada ya hapo sifa zake zilienea Ulaya. Mwandishi wa hadithi Hans Christian Andersen wa Denmark alimpenda, ingawa yeye alimchukua kama kaka tu, na hadithi yake juu ya ndege mwimbaji wa mfalme wa China inahusishwa naye. Watu walimwita Ndege Mwimbaji wa Uswidi. Mwaka 1844 alifika Berlin, na huko akakutana na Felix Mendelssohn.

Mendelssohn alikuwa mtungaji mkubwa wa Ujerumani, naye ndiye aliyeanzisha chuo cha muziki mjini Leipzig mwaka 1843. Wawili hao walipatana kwa kazi na kwa tabia, kwa maana wote waliamini kwamba kipawa ni amana ya Mungu na si mali ya kujivunia. Mwezi wa Desemba 1845 Jenny aliimba Leipzig, kisha akakaa siku ya pili ili aimbe kwa ajili ya mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wa mji huo na jamaa zao. Wanafunzi walikuja na mienge kumshukuru, naye akaona haya kusema, akamwomba Mendelssohn azungumze kwa niaba yake.

Wakati huo Mendelssohn alikuwa akitunga kazi yake kubwa juu ya nabii Eliya. Haiigizwi kama opera, bali waimbaji husimama na kwaya na kuimba habari yote: ukame, mjane wa Sarepta, moto wa mlima Karmeli, mvua, na sauti ndogo ya utulivu. Aria ya sauti ya kwanza inayofungua sehemu ya pili aliitunga akiwa na sauti ya Jenny Lind masikioni. Kazi hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza Birmingham, Uingereza, tarehe 26 Agosti 1846, lakini mwimbaji alikuwa mwingine. Jenny alikuja Uingereza mwaka uliofuata. Mwezi wa Mei 1847 London nzima ilimkimbilia, na Malkia Victoria mwenyewe alikuwako usiku wake wa kwanza. Kabla ya mwaka kwisha, tarehe 4 Novemba 1847, Mendelssohn akafa mjini Leipzig. Alikuwa na miaka 38.

Msiba huo ulimwumiza Jenny sana. Kwa muda mrefu hakuweza kuziimba nyimbo za rafiki yake. Hata hivyo huzuni haikumfanya akae bure. Yeye na wenzake walikusudia kwanza kuanzisha shule ya muziki Leipzig kwa jina la marehemu, lakini mpango huo haukupata nguvu huko. Basi wakashika jambo dogo zaidi lililowezekana, yaani mfuko wa kuwasomesha vijana wa muziki, wa taifa lolote.

Tarehe 15 Desemba 1848, katika ukumbi wa Exeter Hall mjini London, kazi ya Eliya iliimbwa kwa ajili ya mfuko huo. Katika ukumbi huo huo ndimo ilimofanyika mikutano mikubwa ya kupinga utumwa, na pia mikutano ya vyama vya umisheni. Jioni hiyo Jenny Lind aliimba kwa mara ya kwanza ile sehemu aliyotungiwa, na aliyeitunga hayuko tena kumsikia. Kiasi cha paundi 1,000 kilipatikana, ambazo siku zile zilikuwa fedha nyingi sana.

Miaka saba ikapita kabla ya kijana wa kwanza kuchaguliwa. Huenda wako waliosema kwamba mfuko umekufa. Mwaka 1856 vijana walishindanishwa, na wawili wakalingana, mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote. Wakapimwa tena, na mdogo akashinda. Jina lake Arthur Sullivan, mwenye miaka 14, mwimbaji katika kanisa la Malkia. Baba yake alikuwa kiongozi wa bendi ya jeshi na hakuwa na fedha za kumsomesha mwanawe ng'ambo. Msaada ule ulimpeleka kwanza katika chuo cha London, na mwaka 1858 ukampeleka Leipzig, katika chuo alichoanzisha Mendelssohn. Alirudi mwaka 1861 akiwa mtungaji kamili.

Mwaka 1871 Sullivan alitunga tuni kwa ajili ya wimbo ambao kasisi mmoja wa Kianglikana, Sabine Baring-Gould, alikuwa ameuandika ili watoto wauimbe katika maandamano ya kanisa. Ni ule wimbo wa askari wa Kristo wanaokwenda vitani, msalaba ukiwatangulia. Ndugu zangu, tuni hiyo tunaijua sote. Tumeiimba tukiingia kanisani siku za sikukuu, watoto mbele na wazee nyuma, na hatukujua kwamba njia yake ilipita kwa mwanamke wa Uswidi aliyekuwa akimlilia rafiki.

Niruhusiwe kusema jambo moja langu. Katika miaka yangu ya kufundisha nilikuwa na mvulana ambaye, akisikia wimbo mara moja, aliweza kuuandika wote ubaoni kwa do, re, mi. Nilikuwa nimejifunza kazi hiyo chuoni kwa jasho, naye aliifanya kama mchezo. Karo ilimshinda baba yake, akaondoka kidato cha pili. Mimi mwenyewe nilipiga mstari juu ya jina lake kwenye rejista. Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Hapakuwa na mfuko tu, nami sikuwaza kuuanzisha. Tangu nilipojua habari za Sullivan, mstari ule umenirudia mara nyingi.

Jenny Lind aliendelea. Rafiki yake mmoja Uingereza alikuwa Askofu Stanley wa Norwich, na fedha za nyimbo alizoimba katika mji huo mwaka 1849 zilikuwa mwanzo wa hospitali ya watoto iliyopewa jina lake. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, akiwa na miaka 28 na sifa zake zikiwa juu kabisa, aliiacha opera. Hakuilaani. Alitaka maisha ya utulivu, na nafasi ya kuchagua mwenyewe aimbe nini na kwa ajili ya nani.

Mwaka 1850 alikwenda Marekani kwa mapatano na mfanyabiashara P. T. Barnum, ambaye aliahidi kumlipa dola 1,000 kila aimbapo. Barnum alimtangaza kwa kelele nyingi, hata tiketi zikauzwa kwa mnada. Mwuza kofia mmoja wa New York alinunua tiketi ya kwanza kwa dola 225. Jenny hakuipenda biashara ile, na baada ya kuimba mara 93 waliachana. Fungu lake la mwanzo, kiasi cha dola 10,000, aliligawa kwa maskini na wagonjwa wa New York, na sehemu kubwa ya mapato yake aliitolea elimu ya watoto wa Uswidi. Mwaka 1852 alifunga ndoa na Otto Goldschmidt, mpiga piano aliyekuwa mwanafunzi wa Mendelssohn. Wakapata watoto watatu, na hatimaye wakafanya makao Uingereza.

Uzeeni hakutafuta jukwaa. Mumewe alipoongoza kwaya mpya ya London iliyoimba Misa kubwa ya Bach mwaka 1876, yeye, aliyekuwa ameimba mbele ya wafalme, alikaa miongoni mwa sauti za kwanza na kuwafundisha wenzake. Chuo cha muziki cha kifalme kilipofunguliwa London mwaka 1883, kikiwa na vijana 50 waliosoma kwa msaada, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa kuimba. Aliwafundisha pumzi na subira, kama alivyofundishwa Paris.

Alifariki tarehe 2 Novemba 1887, nyumbani kwake karibu na vilima vya Malvern, akazikwa huko. Mwaka 1894 kumbukumbu yake iliwekwa katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na ile ya Handel, ikiwa na maneno ya Ayubu juu ya Mkombozi aliye hai.

Sauti yake hakuna aliye hai aliyeisikia, maana alikufa kabla haijanaswa kwenye sahani za santuri. Lakini mfuko wa Mendelssohn uliendelea kuwasaidia watungaji vijana kwa zaidi ya miaka mia. Siku tutakapomkumbuka mpendwa wetu mwingine, tununue maua, ndiyo, na jiwe liandikwe vizuri. Kisha mmoja wetu asimame aulize ni mtoto gani katika kwaya yetu ambaye jina lake liko karibu kupigiwa mstari.