BAKHITA, MTUMWA ALIYEKATAA KURUDI UTUMWANI

Wewe una jina lako. Ulipewa na wazazi wako, na sasa unaweza kuliandika kwa mkono wako mwenyewe. Hebu soma habari za mtu aliyesahau jina alilopewa na mama yake.

Mtu huyo alizaliwa Darfur, magharibi ya nchi ya Sudani, karibu na mwaka 1869. Alipokuwa bado mtoto mdogo, watu wawili wenye silaha walimkamata karibu na kijiji chao. Aliogopa mno. Walipomwuliza jina lake, hakuweza kulitaja. Basi wakamwita Bakhita. Hilo ni jina la Kiarabu, lenye asili moja na neno letu "bahati". Fikiri, ndugu: mtoto ameibwa kwao, kisha anaitwa mwenye bahati!

Alitembezwa kwa miguu mpaka mji wa El Obeid. Huko aliuzwa, kisha akauzwa tena. Mwana wa bwana wake mmoja alimpiga hata asiweze kuinuka kwa zaidi ya mwezi mzima. Katika nyumba ya ofisa wa jeshi la Waturuki alichanjwa chale zaidi ya 100 kwa wembe. Vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Hakuwa na kosa lolote.

Wakati huo hakuna mtu aliyemfundisha habari za Mungu. Lakini alipotazama jua, mwezi na nyota, alijiuliza mwenye vitu hivyo vizuri ni nani. Alitamani kumjua na kumheshimu.

Mwaka 1883 balozi mdogo wa Italia alimnunua mjini Khartoum. Kwake hakupigwa. Mwaka 1885 akaenda naye Italia. Huko akapewa watu wengine, akawa yaya wa binti yao mdogo. Watu hao walikuwa na hoteli Suakin, bandari ya Sudani. Mama wa mtoto aliposafiri kwenda huko, alimwacha Bakhita pamoja na mtoto kwa masista wa mji wa Venice. Masista wakamfundisha dini. Bakhita akatambua kwamba Mungu huyu ndiye aliyemtafuta tangu utoto.

Bibi yule aliporudi, alitaka kumchukua Bakhita aende naye Suakin. Bakhita akakataa. Haikuwa rahisi, kwa maana alimpenda sana mtoto aliyemlea, na kuachana naye kulimtia uchungu. Lakini hakubadili neno lake. Shauri likafika mahakamani. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa. Bakhita alikuwa mtu huru.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akapewa jina la Josephine. Mwaka 1896 aliweka nadhiri za usista. Kuanzia mwaka 1902 aliishi katika mji wa Schio. Alipika, alishona, alitarizi, na alikaa mlangoni kupokea wageni. Watoto na maskini walimpenda kwa sauti yake ya upole.

Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Katika homa yake ya mwisho alidhani yumo tena katika minyororo, akamwomba mwuguzi ailegeze. Makovu ya moyo nayo hayafutiki upesi. Hata hivyo alikuwa amekwisha wasamehe waliomwiba na kumtesa. Mwaka 2000 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Ndugu msomaji, watu wengine husema kwamba kumtumaini Mungu ni kunyamaza unapoonewa. Maisha ya Bakhita yanatufundisha vingine. Alivumilia alipokuwa hana njia. Njia ilipofunguka, alisimama akasema hapana. Alipokwisha kuwa huru, hakulipa kisasi. Mvumilivu hula mbivu, lakini lazima anyoshe mkono kuichuma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Bakhita alisahau jina lake?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuvumilia na kukubali uonevu?
3. Je, mtu anaweza kumsamehe aliyemdhulumu, na bado akadai haki yake?