Luca Pacioli, Mwalimu wa Debiti na Krediti

Luca Pacioli alizaliwa takriban mwaka 1447 mjini Sansepolcro, Italia. Akiwa kijana alifundisha watoto wa mfanyabiashara mmoja wa Venice, na baadaye, akiwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko, alisomesha hisabati Perugia, Milan, Florence na Roma.

Mwaka 1494 alichapisha Summa de arithmetica, ambamo sehemu moja ilieleza jinsi kila muamala unavyoandikwa mara mbili, debiti na krediti, kupitia daftari la kumbukumbu, jarida na leja. Utaratibu huo hakuubuni yeye. Wafanyabiashara wa Venice waliutumia tangu zamani, naye hakulificha hilo. Alichofanya, na si jambo dogo, ni kuutoa katika maghala ya matajiri na kuuandika kwa Kiitaliano badala ya Kilatini, hata karani wa kawaida aweze kuusoma.

Huko Milan alimfundisha Leonardo da Vinci hisabati, hadi majeshi ya Ufaransa yalipouteka mji huo mwaka 1499 na wote wawili wakaondoka. Alifariki mwaka 1517. Mwaka 1550 Giorgio Vasari alimshutumu kujitwalia kazi za mchoraji Piero della Francesca. Shutuma hiyo haikukosa msingi: sehemu ya kitabu chake cha mwaka 1509 ni tafsiri ya maandishi ya Piero, bila kumtaja mwenyewe.