Orffyreus: Fundi aliyezikwa na siri ya gurudumu lake

MNAMO Novemba 12, 1717, gurudumu kubwa la mbao lilisukumwa na kuanza kuzunguka katika chumba kimoja cha kasri la Weissenstein, karibu na mji wa Kassel, Ujerumani. Milango na madirisha ya chumba hicho yalifungwa na kupigwa lakiri. Yalipofunguliwa Novemba 26, gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Chumba kikafungwa tena hadi Januari 4, 1718, na kwa mara nyingine gurudumu likapatikana likienda mbio zile zile, takriban mizunguko 26 kwa dakika.

Halikuwa likisukumwa na maji, upepo wala farasi. Mwenye gurudumu, Johann Bessler, alidai kwamba linajiendesha lenyewe kwa uzani wa vitu alivyovificha ndani yake, na kwamba lingeendelea kuzunguka hadi sehemu zake zichakae. Kwa miaka kadhaa dai hilo liliwashughulisha watawala na wanazuoni wa Ulaya. Hadi leo limebaki kitendawili kisichopata mteguaji wa kuwaridhisha wote.

Bessler alizaliwa karibu mwaka wa 1680 katika eneo la Zittau, Saxony. Hakutoka katika tabaka la mabwanyenye, lakini alijaliwa akili nyepesi na mikono ya ufundi. Ujanani alitangatanga kutoka mji hadi mji akijifunza kazi mbalimbali, zikiwemo kutengeneza saa na kutibu wagonjwa. Alimwoa binti ya daktari mmoja wa mji wa Annaberg.

Jina alilojulikana kwalo duniani alijitungia mwenyewe. Alizipanga herufi 26 za alfabeti katika duara, kisha akabadilisha kila herufi ya jina lake kwa ile inayoikabili upande wa pili. Bessler likawa Orffyre, naye akalipa umbo la Kilatini: Orffyreus. Ni dhahiri kwamba alikuwa mtu wa kupenda mafumbo.

Wazo la gurudumu lisilosimama halikuwa geni. Katika karne ya 12, mwanahisabati Bhaskara wa India alieleza gurudumu lenye zebaki ndani ya mirija. Karne iliyofuata, Villard de Honnecourt wa Ufaransa alichora gurudumu lililozungushiwa nyundo kwenye ukingo wake. Nia ilikuwa moja: kuufanya upande mmoja uwe mzito kuliko mwingine daima, ili gurudumu lishuke upande huo bila kukoma.

Kosa la hesabu hiyo si rahisi kulitambua kwa macho. Ni kweli kwamba kitu kikikaa mbali na mhimili huwa na nguvu zaidi ya kuvuta chini, jinsi mtoto mwepesi anavyoweza kumwinua mzito kwenye pembea ya ubao akikaa mwishoni kabisa. Lakini katika magurudumu ya aina hii, upande ambao vitu vimesogea mbali huwa na vitu vichache, na ule ambao vimekaribia mhimili huwa na vingi. Pande hizo mbili hulingana. Kinachoshuka hutoa nguvu zile zile zinazohitajika kukirudisha juu, na kwa kuwa msuguano nao hudai sehemu yake, hatimaye gurudumu husimama.

Orffyreus alisema amelipita kosa hilo. Mwaka wa 1712 alionyesha gurudumu lake la kwanza mjini Gera. Mwaka uliofuata alijenga kubwa zaidi katika kijiji cha Draschwitz, karibu na Leipzig. Mwanafalsafa na mwanahisabati mashuhuri, Gottfried Leibniz, alifika kulitazama mwaka wa 1714, naye akavutiwa nalo. Katika mji wa Merseburg, mwaka wa 1715, gurudumu la tatu lilikaguliwa mbele ya mashahidi, likainua sanduku la matofali na kupewa cheti.

Mvuto huo ulikuwa na sababu yake. Migodi ya Ulaya ilikuwa ikijaa maji, na njia za kuyatoa zilikuwa mikono ya watu, migongo ya wanyama, mito na upepo. Mwaka ule ule wa 1712, Mwingereza Thomas Newcomen alisimika injini yake ya mvuke ya kuvuta maji katika mgodi wa makaa. Injini hiyo ilikula makaa kwa pupa. Mashine isiyokula chochote ingekuwa na thamani isiyokadirika.

Wapinzani hawakukosekana. Andreas Gärtner, Christian Wagner na Johann Borlach walimshambulia kwa maandishi, na mwaka wa 1716 ukatolewa mchoro ulioonyesha mtu aliyejificha akilizungusha gurudumu kwa kamba. Orffyreus alijibu kwa vitabu vyake, lakini hakufanya lile ambalo lingewanyamazisha mara moja, yaani kulifungua gurudumu hadharani.

Alipata kimbilio kwa Karl, mtawala wa Hesse-Kassel. Karl alikuwa mpenzi wa sayansi, na hapo awali alikuwa amemhifadhi Denis Papin, mmoja wa waasisi wa mashine za mvuke. Alimpa Orffyreus cheo cha mshauri wa biashara na nafasi katika kasri la Weissenstein. Hapo ndipo lilipojengwa gurudumu la 1717, lenye kipenyo cha futi 12 na unene wa inchi 14. Karl ndiye pekee aliyeruhusiwa kuchungulia ndani, na inasemekana alishangaa jinsi mtambo ulivyokuwa rahisi. Alitunza siri hiyo hadi kufa kwake.

Shahidi mwenye uzito mkubwa alikuwa Willem 's Gravesande, profesa kutoka Leiden, Uholanzi. Mwaka wa 1721 alimwandikia Isaac Newton akieleza aliyoyaona. Ndani ya gurudumu vilisikika vitu vizito vikianguka taratibu, takriban vinane katika kila mzunguko. Lilisukumwa kidogo kwa vidole viwili, na liliposikika limeangusha kitu cha kwanza, likajiongezea mwendo lenyewe. Profesa alizichunguza nguzo na mhimili kwa nje, asione lolote lililouunganisha mtambo huo na chumba kingine.

Ukaguzi huo ndio uliovunja kila kitu. Orffyreus alikuwa akidai pauni 20,000 kabla ya kufichua siri, hali wanunuzi walitaka kuona kwanza ndipo walipe. Mfalme Peter wa Urusi alikuwa miongoni mwa waliotamani mashine hiyo, ila alifariki mwaka wa 1725 bila kuipata. Kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuaminika ya kulinda uvumbuzi, muuzaji aliogopa kuibiwa na mnunuzi akaogopa kulaghaiwa. Mwaka huo wa 1721, akishuku kwamba profesa anataka kuijua siri bila kulipa, Orffyreus alilivunja gurudumu lake kwa mikono yake mwenyewe.

Pigo lingine lilikuja Novemba 1727. Mjakazi aliyekuwa akimtumikia nyumbani alitoa ushahidi kwamba gurudumu lilizungushwa kwa mkono kutoka chumba cha pili, na kwamba waliofanya kazi hiyo ni yeye, mke wa Orffyreus, nduguye na Orffyreus mwenyewe. Wengi waliona kesi imekwisha. Hata hivyo, 's Gravesande alishikilia kwamba hakuona njia ambayo hila hiyo ingepitia.

Miaka iliyobaki ilikuwa ya kushuka. Orffyreus alitangaza uvumbuzi mwingine, ukiwemo chombo cha kusafiri chini ya maji, lakini hakupata tena mfadhili wa kumwinua kama Karl. Novemba 30, 1745, alipokuwa akijenga kinu cha upepo huko Fürstenberg, alianguka kutoka juu na kufariki. Mtu aliyedai kuufanya uzani uzalishe mwendo usio na kikomo aliuawa na uzani wake mwenyewe.

Sayansi ilitoa hukumu yake baadaye. Mwaka wa 1775, Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutopokea tena mapendekezo ya mashine za aina hiyo, kikieleza kwamba juhudi hizo zimefilisi familia nyingi za mafundi. Katika miaka ya 1840, kazi za Robert Mayer, James Joule na Hermann von Helmholtz zilithibitisha kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika umbo tu. Kwa kanuni hiyo, gurudumu la Kassel lilipata nguvu zake mahali fulani, hata kama mashahidi hawakupaona.

Licha ya hayo, katika nchi nyingi wangalipo mafundi wasiolipwa na yeyote wanaochonga magurudumu, kuyafunga vyuma na kusubiri mzunguko usiokoma. Wengi wao hawana nia ya kumdanganya mtu. Huyachambua maandishi ya Orffyreus pamoja na michoro zaidi ya 100 aliyoiacha, wakiamini kwamba jibu limefichwa humo kama alivyolificha jina lake.

Wapo wanaomwona Orffyreus kuwa tapeli, na wapo wanaomwona fundi aliyeponzwa na kiburi chake. Lililo wazi ni kwamba kwa miaka tisa alikuwa na nafasi ya kulifungua gurudumu lake mbele ya akili kubwa kabisa za zama zake. Hakulifungua, na pauni 20,000 hazikulipwa kamwe.