Maisha ya Imamu Ghazali na Kuiacha Kwake Kazi ya Baghdad

Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, mwaka wa 450 wa Hijra, nao ni mwaka wa 1058 wa Miladi. Wapokezi wamesimulia ya kuwa baba yake alikuwa mtu masikini, akila kwa jasho lake, akisokota sufu na kuiuza. Alipoona mauti yamemkaribia, aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, awasomeshe. Fedha ile kidogo aliyoiacha ilipokwisha, yule rafiki aliwaelekeza madrasani, wapate chakula pamoja na masomo. Basi tangu utotoni elimu kwake ilikuwa pia ni mlango wa riziki.

Akasoma Tus, kisha Jurjan, kisha Nishapur kwa Imamul-Haramayn Al-Juwayni, bingwa wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani yetu. Al-Juwayni alipofariki mwaka wa 478 (1085), Ghazali alikwenda kwa Nidhamul-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki. Katika baraza lake wanachuoni walikuwa wakishindana kwa hoja, naye akawashinda. Waziri akampenda, na mwaka wa 484 (1091) akampa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad. Umri wake haujafika miaka thelathini na mitano, na wanafunzi waliomsikiliza walikuwa kama 300. Hapakuwa wakati huo na cheo cha ualimu kilichokuwa kikubwa kuliko hicho.

Lakini cheo hakikumtuliza. Alipojipima nafsi yake aliona ya kuwa nia yake katika kusomesha haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kilichomsukuma ni kutaka jaha na sifa kwa watu. Akawa kama mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo. Asubuhi huazimia kuondoka, na jioni azima ikavunjika. Dunia humvuta kwa minyororo yake, na mauti humwita ajitayarishe kwa safari. Akakaa katika hali hiyo karibu miezi sita, tangu mwezi wa Rajabu mwaka wa 488 (1095). Mwisho ulimi wake ukafungika. Hujilazimisha siku moja tu asomeshe, awaridhishe wale wanaomngojea, na neno lisitoke. Huzuni ikamwingia moyoni, chakula hakikushuka wala hakikusagika tumboni, na nguvu zikamwisha. Matabibu wakakata tamaa, wakaona ya kuwa maradhi yametoka moyoni, na dawa yake ni moyo huo kupata utulivu.

Alipoona hana hila tena, alimwelekea Mola wake kama aelekeavyo mtu aliyedhikika, ikawa sahali kwake kuacha cheo, na mali, na watu. Katika mwezi wa Dhulqaada mwaka huo huo akatoka Baghdad. Aliwaambia watu kuwa aenda Makka, na katika moyo wake alikusudia Shamu, asije akazuiliwa. Wala hakutoka kama mtu asiyejali waliomtegemea: aliweka kiasi cha kuwatosha watoto wake, na kilichozidi akakitoa sadaka. Ndugu yake Ahmad akashika darasa kwa niaba yake. Watu wa Iraki walistaajabu. Wengine wakadhani kuwa amewaogopa watawala, kwani Nidhamul-Mulk alikuwa ameuawa mwaka wa 485 (1092). Hawakufahamu kuwa mtu huweza kukiacha kitu kikubwa kwa kukosa ndani yake kilicho kikubwa zaidi.

Alikaa Dameski kwa muda, akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mlango mchana kutwa. Kisha akenda Baitul-Maqdis, na Al-Khalil penye kaburi la Nabii Ibrahimu, na hapo akaweka ahadi ya kutokwenda tena kwa sultani, wala kupokea mali yake, wala kufanya mashindano ya hoja. Akahiji mwaka wa 489 (1096). Kisha mapenzi ya watoto yakamrudisha kwao. Faragha yake haikuwa tupu na mashaka: haja za watu wake na taabu za maisha zilimkatiza mara nyingi, lakini hakuiacha. Katika miaka hiyo ndipo alipotunga Ihyau Ulumid-Din, yenye vitabu 40 katika robo nne: ibada, ada za maisha, yenye kuangamiza, na yenye kuokoa.

Mwaka wa 499 (1106), Fakhrul-Mulk, mwana wa yule waziri, alimtaka asomeshe Nishapur. Akaitika, baada ya kutaka shauri la watu wema. Kwa macho ya watu amerudi katika kazi ile ile, lakini yeye hakuiona hivyo. Zamani alisomesha elimu ya kupatia cheo. Sasa alisomesha elimu ya kukiachilia mbali. Mwishoni alirudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na zawiya ya masufi, na huko akafariki tarehe 14 Jumadal-Akhira mwaka wa 505 (18 Desemba 1111).

Basi, ewe msomaji, ukiona kifua kimekubana katika kazi yako, usikimbilie kuilaumu kazi, wala usikae ukaoza ndani yake. Itazame kwanza nia yako. Huenda ikakupasa kuondoka, na ukiondoka usiwasahau wanaokutegemea. Na huenda ukairudia kazi ile ile, nawe si mtu yule yule. Mwenyezi Mungu atutengenezee nia zetu na riziki zetu. Amin.